Maswali mnayoniuliza kila wiki: kuchora mazimwi, kuandika vitabu na kulipa nyumba Nairobi

Sawa. Nimechoka kujibu kitu kimoja kwa inboksi kila siku, na si kwa ubaya, ni vile tu kidole kinauma na hicho kidole ndio shamba langu. Leo ni Jumapili, stima imepotea tangu asubuhi, niko na strungi, chai bila maziwa, na simu iko 64%, kwa hivyo wacha niyajibu yote hapa. Ya pesa nimeyaandika marefu kwa sababu ndiyo yamenichapa zaidi. Ya kalamu ni mafupi, mtanisamehe.

Kazi yako ni gani hasa?

Naandika na kuchora fantasia, yaani mazimwi, majini, mizimu, wanyama hawako na miji haiko kwa ramani. Niko na vitabu viwili, maneno yangu na picha zangu. Hiyo ndiyo huwa naambia watu harusini. Lakini ukiuliza nini kinalipa nyumba hapa Umoja, nachora mbuzi. Mbuzi, nyanya, mama akifagia, mtoto akivuka barabara, ua limepasuliwa katikati na mishale ya kuonyesha stameni iko wapi. Vitabu vya shule. Mtaala mpya ulipoanza rasmi Januari 2019 wachapishaji wote walikua wanatafuta wachoraji kama maji ya jerikani, na mimi nikaingia hapo, sijatoka hadi leo.

Ulianza aje?

Babu yangu alikua mchongaji Wamunyu, huko Machakos. Kwetu wanasema kazi ya kuchonga ililetwa na Mutisya Munge, mtu wa hapo hapo Wamunyu, alienda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza akajifunza kwa wachongaji wa huko, akarudi nayo nyumbani. Babu alikua anachonga twiga na Mmasai amesimama na mkuki, dazeni kwa dazeni, za watalii. Jioni ndio alikua anatoa vitu vyake. Nyuso ambazo hazijakamilika, mtu mwenye mguu mmoja, mnyama ana mikono. Hakuna mtalii alishawahi kununua hata moja na yeye hakuwahi kuziweka barabarani ati zinunuliwe, zilikua zinakaa chini ya kitanda, na susu, yaani bibi yetu, alikua anatutishia nazo tukikataa kulala. Susu naye alikua na hadithi za eimu, lile zimwi linameza kijiji kizima na ng'ombe wao, halafu likishindwa linaomba watu wakate kidole chake cha mwisho, na kidole kikikatwa watu wote wanatoka hapo mmoja mmoja, na ng'ombe, na mbwa. Nilikua na miaka sita hivi, swali langu lilikua moja tu, ng'ombe anapitaje kwa kidole? Nikaanza kuchora nijibu hiyo.

Kisha nikaja Nairobi kwa mama, na Nairobi shule yangu ilikua matatu. Wenye mko na umri wangu mnakumbuka. Kabla ya 2004 matatu ya Buru Buru ilikua inapita na michoro yake ukiwa umesimama steji na unasahau unaenda wapi. Halafu zikaja sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi, mstari wa manjano, picha zote zikafutwa, na mimi mtoto wa darasa la sita nililia kabisa kabisa, mama akadhani nimepigwa. Mwisho wa 2014 rais akasema grafiti irudi. Mwaka uliofuata nikaingia kwa gereji moja ya kuunda nganya, yaani matatu za kupambwa, kazi yangu ikiwa kubandika karatasi na kuosha bunduki ya rangi, mwanamke mmoja katikati ya vijana kumi na wawili. Hapo ndipo nilijifunza kitu sijawahi kusahau: picha ya matatu inaonwa na mtu anakimbia, gari nayo inakimbia, kwa hivyo kama umbo halisomeki kwa sekunde moja hiyo picha haiko. Hadi leo nikimaliza mchoro naupunguza unakua kama stempu kwa skrini. Kama siwezi jua zimwi ni lipi na mtoto ni yupi, narudi mwanzo.

Ulisomea wapi? Lazima nisomee?

Diploma ya usanifu, niliiacha mwaka wa pili karo ilipoisha. Nawajua watu wazuri sana wametoka Kenyatta University, Chuo Kikuu cha Nairobi na ile ya sanaa hapo Buru Buru, na nawajua wazuri vilevile wametoka kwa kitanda chao. Hakuna mhariri ameshawahi kuniitisha cheti. Wanaitisha kazi kumi nzuri na wanauliza kama utamaliza Ijumaa. Kile shule inakupa na sisi wengine tulikosa ni kuchora mwili wa mtu aliye mbele yako, masaa na masaa. Nililipia hilo pengo baadaye kwa kukaa Uhuru Park na daftari.

Tableti gani ninunue?

Usinunue kwanza. Krita ni bure na inatosha kabisa, kwa simu kuna Ibis Paint. Ukishapata kazi mbili za kulipwa ndio uende utafute Huion au XP-Pen, hata ya mtumba, na laptopu ya maduka ya Luthuli Avenue, lakini ijaribu hapo hapo dukani ukiwa umesimama, fungua programu yenyewe uchore nayo, usikubali tu kuonyeshwa taa ikiwaka. Mimi kitabu cha kwanza nilichora kwa karatasi na wino, nikaskani.

Cha maana kuliko tableti ni uelewe uchapaji. Nukta 300 kwa inchi. Milimita 3 za ziada kila upande kwa sababu kisu cha mashine hakina huruma. Kurasa zigawanyike kwa nne kama kitabu kitapigwa stepo. Na rangi ziwe za wino, CMYK, si za skrini. Mimi sikuelewa hiyo ya mwisho. Jini wangu wa jalada alikua buluu ile ya umeme, ile unaona hadi unasikia baridi, na vitabu vikarudi kutoka kwa mchapaji fulani wa mjini jini akiwa rangi ya maji ya mtaro. Kosa halikua lake, wino hauwezi toa ile buluu ya skrini. Angeweza kuniambia tu kabla, lakini. Siku hizi siruhusu mashine iguswe kabla sijaona nakala moja ya majaribio kwa mkono wangu, nje, mwangaza wa jua, si chini ya ile taa yao.

Hadithi unatoa wapi?

Hapa chini ya miguu yetu! Nairobi ni jina la Kimaasai, maji baridi, na kabla ya reli kufika 1899 mahali pa mji palikua kinamasi. Walifukia, wakajenga stesheni, na kila mvua ya Aprili ikikuja kile kinamasi kinarudi kutafuta nyumba yake. Kitabu changu cha kwanza chote kimetoka kwa hiyo sentensi. Sikuhitaji ngome, sikuhitaji theluji, nilihitaji tu kusimama hapo raundabauti ya Globe mvua ikinyesha nikijiuliza ni nani anaishi huko chini na amekasirika namna gani.

Kuna watu wananitumia miswada na ndani kuna dragoni, ana mabawa, anatema moto, amekalia dhahabu, na shujaa anaitwa Otieno. Sina shida na Otieno. Lakini mbona hiyo dhahabu? Nani huku alishawahi kuogopa nyoka juu ya dhahabu? Sisi tunaogopa nyoka juu ya maji. Angalia vile tuko navyo. Kendu Bay kuna ziwa linaitwa Simbi Nyaima, wanasema palikua kijiji, mama mzee akaja akanyimwa makaribisho, mvua ikanyesha kijiji kikazama chote. Luanda Magere mwili wake ulikua jiwe, mkuki unapiga unarudi, na uhai wake ulikua kwa kivuli chake, fikiria hiyo kama mchoraji, vita nzima unaichora ukiangalia chini! Liongo wa pwani haumizwi na chochote ila sindano ya shaba kitovuni, na alipochomwa alienda akapiga goti karibu na kisima, upinde umevutwa, akafa akiwa hivyo hivyo, na watu wa mji wakaogopa kuchota maji siku kadhaa wakidhani bado yuko macho. Hiyo ni picha moja na ndani yake iko hadithi yote. Na Nunda mla watu wa Waswahili, ilichapwa tangu 1870 kwa mkusanyiko wa Edward Steere, ni paka tu wa nyumbani, anaanza kula mifugo, watu wakilalamika sultani anasema paka ni wangu na anachokula ni changu, nyamazeni. Paka anaendelea kukua. Sitasema zaidi, mnaishi Kenya.

Jina lenyewe mnanibishia. Joka kwa Kiswahili ni nyoka mkubwa, basi, halina mabawa. Mimi nachora joka, dragoni nawaachia wenyewe.

Naweza tumia hadithi ya jamii si yangu?

Unaweza, polepole. Kuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inataka ruhusa ya jamii yenyewe kabla utumie mali yao kwa biashara. Sijaona mtu ameshtakiwa kwa kitabu cha watoto lakini sheria iko. Nje ya sheria kuna adabu. Mimi nikitaka kitu cha pwani natafuta mtu wa pale anisikilize nikisoma kwa sauti, namlipa, na jina lake linaingia mbele ya kitabu. Mzee mmoja wa Lamu alinisikiliza dakika arobaini akaniambia, mwanangu, umeandika vizuri, lakini huyo jini wako amesalimia watu kama kondakta. Alikua na haki.

Fantasia si ni vitu vya wazungu? Na si ni uchawi?

Ya kwanza nimeshaijibu. Ya pili mama yangu mwenyewe aliniuliza, yeye ni wa kanisa sana, akashika kitabu akasema "mwanangu, hawa watu wako kwa jina la nani?" Nikamsomea ile ya kidole. Akacheka juu aliijua tangu mtoto. Sasa anauza kanisani baada ya ibada, nakala nyingi kuliko mimi.

Na kwa Kiswahili hatujaanza sisi. Katama Mkangi aliandika Walenisi 1995, mtu anahukumiwa anafungiwa ndani ya chombo cha angani. Kezilahabi alituachia Nagona 1990, hiyo ukiimaliza unakaa kidogo. Na kwa kuchora, hapa Nairobi tulikua na Frank Odoi, Mghana aliyehamia akawa wetu, alichora Akokhan, nguvu za kichawi na vita vya kale, miaka mingi kabla mtu yeyote hajasema komiki za Afrika zinauza. Alifariki 2012 kwa ajali ya matatu. Sikuwahi kukutana naye na bado inaniuma.

Nichaji pesa ngapi?

Hii sasa. Picha yangu ya kwanza ya kitabu cha shule nililipwa bob 800, nyeusi na nyeupe, na nilifurahi nikanunua kuku. Picha yenyewe ilinichukua siku mbili. Piga hesabu ujionee kwamba mtu wa mjengo alikua ananipita, na yeye analipwa jioni, mimi nililipwa baada ya miezi mitano.

Siku hizi sianzi na bei, naanza na siku. Nauliza, nyumba, chakula, intaneti, mama, vyote vinataka ngapi kwa mwezi, nagawa kwa siku kumi na tano si thelathini, juu nusu ya mwezi unaandika barua pepe na kufuata malipo. Hiyo ndiyo siku yangu moja. Halafu picha itachukua siku ngapi, basi. Kwa sasa mbuzi wa rangi anatoka kati ya 3,500 na 5,000, jalada la riwaya kutoka 30,000, na siogopi tena kuitamka. Wakati nilikua naogopa nilikua nasema bei halafu naongeza haraka haraka "lakini tunaweza ongea." Acha hiyo sentensi. Sema bei unyamaze, hata kama kimya kinauma.

Nusu kabla sijashika kalamu. Marekebisho mara mbili yako ndani ya bei, ya tatu inalipwa, na "rekebisho" ni kubadilisha kofia, si kubadilisha mbuzi awe ngamia. Hiyo ya ngamia ilinipata kweli kweli, ukurasa wa 38.

Na wale wa "hatuna bajeti lakini utajulikana", mimi nawajibu kwa upole kwamba landlodi wangu tayari ananijua.

Mkataba ni lazima? Ni rafiki yangu.

Soma hii pole pole hata kama umeruka zingine zote.

Sheria ya hakimiliki ya Kenya, ile ya 2001, inasema kazi ukiitiwa na mtu, yaani amekuagiza umchoree, hakimiliki inahesabiwa imeenda kwake yeye aliyeagiza, mpaka muwe mmekubaliana vingine. Rudia hapo. Watu wengi wanaambiwa na video za Marekani "ukichora ni yako moja kwa moja", na kwa kazi yako ya chumbani ni kweli ni yako, lakini kazi ya kuagizwa hapa kwetu kimya chako kinamfaidi mteja. Si kwamba amekuibia. Wewe ndio hukuandika.

Mimi nilijifunza hivi. Mchapishaji mmoja, jina nalibakisha moyoni, alinipa kazi ya picha 44 za kitabu cha hadithi, mazimwi, kazi ya ndoto yangu, bob 60,000 kwa jumla, tukaongea kwa simu tu. Kitabu kikapendwa. Kikachapwa tena. Kikachapwa tena, na sasa zimwi langu likawa kwa daftari, kwa bango, kwa kalenda ya ukutani. Nilipokwenda ofisini nikapewa soda baridi na nikaelezwa kwa heshima sana kwamba hakuna kitu naweza kufanya. Na hawakua wanadanganya! Kitu kimoja tu kilibaki changu, haki ya kutajwa kama mchoraji, hiyo sheria haiichukui hata ukiuza vingine vyote, na kwa chapa ya kwanza jina langu hawakuliweka. Chapa ya nne liko. Ukurasa wa pili, herufi ndogo kama chawa, lakini liko.

Kwa hivyo karatasi moja inatosha, hata barua pepe ambayo mtu amejibu "nimekubali" ni bora kuliko hewa. Andika: hakimiliki inabaki kwa mchoraji. Mteja anaruhusiwa kutumia kwa kitabu fulani, lugha fulani, nakala ngapi, miaka mingapi. Vitu vingine kama daftari na katuni za TV ni mkataba mwingine. Jina la mchoraji litaonekana wapi. Na akighairi katikati unabaki na dipoziti. Kama wanataka kununua kila kitu moja kwa moja, sawa, kuna siku nimeuza kila kitu, mbuzi wa sayansi sina haja naye, lakini hiyo ina bei yake na si bei ya kutumia. Zimwi siuzi.

Nisajili KECOBO? ISBN je? KRA?

Hakimiliki inakuwepo ukishachora, usajili wa KECOBO, ile ofisi ya serikali ya hakimiliki, si lazima, ila ni ushahidi mzuri mkifika mahali pa kubishana, na siku hizi unafanyika mtandaoni. Kazi yako inalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hivyo ambia watoto wako faili ziko wapi.

ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, inatolewa na maktaba ya taifa, KNLS. Zetu zinaanza na 978-9966 au 978-9914, angalia nyuma ya kitabu chochote cha Kenya. Bila hiyo maduka mengi hayakugusi.

KRA, watu wa kodi: wachapishaji wanakata 5% ya mrabaha, yaani fungu lako la mauzo, kabla haijakufikia, itisha cheti chake, kitakupunguzia kodi ukijaza ritani, na usingoje Juni 30 usiku na nchi nzima iko kwa hiyo mtambo. Wateja wa kampuni sasa wanataka ankara ya eTIMS, mtambo wa KRA wa ankara, jisajili tu, inachukua saa moja na matusi kidogo.

Nitafute mchapishaji au nijichapie mwenyewe?

Nimefanya zote. Mchapishaji analipa uchapaji, ana mhariri, ana watu wanazunguka mashuleni, na anakupa mrabaha wa asilimia 10 hivi, mara moja au mbili kwa mwaka, ukikumbusha. Lakini shida ya fantasia si mrabaha, shida ni kwamba wachapishaji wengi hapa wanaishi kwa vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya shule, na zimwi langu haliko kwa silabasi. Mhariri mmoja mpole aliniambia, dada, hii ni nzuri sana, unaweza toa zimwi?

Nikajichapia. Nakala 500, kila moja ilinigharimu bob 230, hiyo ni 115,000, pesa za mbuzi wa miezi minne. Bei dukani 700. Duka linachukua kati ya 30 na 40 kwa mia, ni biashara yao, sibishi. Juu ya vitabu kuna VAT ya 16% tangu ile sheria ya 2013, na hiyo ndio sababu moja msomaji anashika kitabu, anageuza, anaona bei, anarudisha. Kwa hivyo faida yangu kwa duka ni kama 200 hivi, mkononi ni 470. Ndio unaniona nimebeba begi kila mahali.

Mahali nimeuza vizuri: duka la vitabu la Nuria pale mjini, wanachukua waandishi wa kujichapia bila kukuangalia vibaya. Maonyesho ya vitabu ya Nairobi, huwa Sarit, mara nyingi Septemba, siku ya shule wanakuja na mabasi na mtoto ana bob 200, kwa hivyo beba pia kadi na stika. NAICCON, maonyesho ya komiki, hao ni watu wetu, wanakuja wamevaa kama wahusika, wananunua bango kabla ya kitabu. Na kanisa la mama.

Mahali pa kuweka vitabu fikiria kabla. Aprili 2024 mvua ilipofanya vile ilifanya, boksi zangu zilikua chini sakafuni. Kinamasi kiliingia kikachukua vitabu 83 vya hadithi ya kinamasi. Marafiki wanasema hiyo ni hadithi nzuri. Ni 58,100 kwa bei ya dukani.

Na Amazon?

Weka, lakini usiache kazi. Kitabu cha kielektroniki cha kati ya dola 2.99 na 9.99 wanaweza kukupa 70%, ila kwa hiyo hesabu wanakutoza senti 15 za dola kwa kila megabaiti ya faili, na kitabu cha picha ni kizito kama gunia. Changu kilikua megabaiti 31, fanya hesabu utacheka. Nikahamia ile ya 35% ambayo haina hiyo tozo. Halafu kwa mauzo ya Marekani wanakata kodi 30% juu Kenya haina mkataba wa kodi na wao. Mwaka jana kilinipa pesa ya gesi, mtungi mmoja mkubwa.

Kiswahili au Kizungu?

Mimi Kiswahili, na mazungumzo ya watoto wa mtaa wanaongea vile wanaongea. Mazimwi yangu yanaongea Kiswahili sanifu kabisa, hilo ndilo linatisha. Kuna tuzo ya Safal ya Kiswahili, ilianzishwa 2014 ikiwa na jina lingine, inachukua miswada haijachapishwa, tuma. Na kuna Nommo, za fantasia na sayansi ya kubuni za Afrika, zina kipengele cha komiki pia.

AI haitatumaliza?

Imeshachukua kitu, nisidanganye. Mbuzi wa bei rahisi wameenda. Kuna mteja alikua ananipa picha ndogo ndogo kila muhula na muhula huu amenyamaza, kisha nikaona kitabu, na mbuzi ana miguu mitano, na mwalimu atafundisha hivyo hivyo.

Lakini nimejaribu kuiambia hiyo mashine inichoree eimu. Nilipata mtu mkubwa wa kijani na pembe. Nikaeleza zaidi, nikapata mtu mkubwa wa kijani na pembe na shanga za Kimaasai. Haijawahi kulala chini ya kitanda cha babu yangu. Hofu yangu si kwamba inachora vizuri, hofu yangu ni mteja asiyejua tofauti, na huyo nilikua naye hata kabla ya mashine.

Naandika, wewe uchore, tugawane faida?

Hapana.

Mtoto wangu anachora tu, hasomi. Nifanyeje?

Mzazi, shikamoo. Usimchane daftari, tafadhali. Mwambie amalize hesabu, kweli ataihitaji, umeona hapo juu vile kazi hii ni hesabu tupu. Mnunulie karatasi za kawaida rimu moja, si daftari la bei, la bei ataliogopa. Mpeleke maktaba ya McMillan Jumamosi moja. Na akikuuliza ng'ombe anapitaje kwa kidole usimjibu, ngoja uone atachora nini.

Utaniangalizia kazi yangu?

Tuma picha tano, si hamsini, na si kiungo cha faili kubwa la kumaliza bando langu. Niambie swali moja. Ukiuliza "waonaje?" nitasema nzuri. Ukiuliza "mbona huyu mkono unaonekana kama mfuko?" nitakujibu kwa mistari mirefu, hata saa sita usiku.

Kitabu cha tatu kinatoka lini?

Niko ukurasa wa 41 kati ya 96. Kingekua mbele zaidi lakini wiki jana ilikuja kazi ya Gredi ya Nne, picha 62, mwisho wa mwezi, mkataba umesainiwa, nusu imeshaingia kwa M-Pesa. Sasa niko kwa mbuzi wa 17 na huyu amekataa kusimama, miguu ya nyuma inaenda kwake na ya mbele inaenda Machakos. Stima ndio hiyo imerudi, wacha nimrudie kabla ipotee tena.